Fungu la Asiyekwenda

Ndoana mia mbili na arobaini.
Nazihesabu kwa mkono wa kushoto;
wa kulia umebaki na kazi ya kushikilia tu,
kama mtoto anayeshikishwa tochi
baba yake akifungua mashine.

Tuko Shangani, nyuma ya duka la Mwanaisha Chipila,
ubao juu ya ndoo mbili, bati juu ya vichwa,
na friza bovu, lililong'olewa mota,
linasubiri barafu mdomo wazi.
Saa tisa usiku wanaondoka. Siku nne.
Sasa hivi ni saa tano asubuhi
na vibua bado hawajakatwa.

"Hanamu, Ausi. Hanamu!
Ukikata wima unapika mchuzi.
Ukikata hanamu, umetega."
Ausi ana miaka kumi na tisa,
safari yake ya kwanza ya kulala majini,
anakata huku anachungulia simu.
Nikamwacha, kisu kimfundishe.
Kikamfundisha.
Tukafunga kidole kwa kipande cha mpira wa baiskeli,
tukaendelea.

Chambo kina adabu zake.
Kibua alale chumvini, lakini asikauke.
Ngisi avuliwe ngozi, apasuliwe vipande virefu,
upana wa mkanda wa saa.
Dagaa wazima wakae chini kabisa ya barafu
kwa ajili ya usiku wa mwisho,
watu wamechoka na samaki wameingia maringo.
Namtimba, mwenye boti, alileta vibua wa juzi.
Nikawanusa, nikawarudisha.
"Samaki hana pua," akasema.
"Wewe ndiye huna."
Akacheka cheko la mtu anayelipa mara mbili.

Somoe wangu amepita hapa na sare ya shule,
akasimama mbele ya ndoo ya ngisi.
Nyumbani leo ni ugali na mchicha, anajua.
"Hawa tunawapa samaki?"
"Tunawakopesha."
Hakuamini. Hata mimi.

Huu mshipi mrefu wenyewe wanauita dhulumati.
Sikuwahi kuuliza nani alidhulumiwa.
Mwaka ule, mbali nyuma ya Msimbati,
pale maji yanapoacha kuwa na rangi,
ulikimbia na kitu ambacho hatukukiona,
nami nilikuwa nimeuzungusha kiganjani,
mara mbili, kwa uvivu.
Basi.
Vidole vyote vipo,
ila vitatu haviitiki vikiitwa.

Tangu hapo bahari naisoma kwa vinavyorudi.
Ndoana iliyonyooka: jodari, au mwamba, au uongo.
Waya uliotafunwa: papa.
Chubwi zikirudi zote, hazina hata mkwaruzo,
najua walilala.
Na fundo lililofunguka ni langu.
Siku hiyo fungu langu nalichukua bila kuhesabu.

Madumu sita ya petroli, manne ya maji.
Kamba nyekundu ni moto, nyeupe ni kiu, usichanganye.
Unga, sukari, ndimu, plagi mbili za akiba,
ming'oko ya mke wa nahodha, ingali ya moto mfukoni,
na chupa ya uraka
niliyoikuta ndani ya buti la mtu.
Nikaimwaga mchangani
bila kuuliza buti ni la nani.
Ausi akatazama pembeni.

Barafu imefika kwa mkokoteni, imeshapungua.
Tukaiponda kwa nyundo, friza likafumba.
Ndipo akauliza, taratibu,
simu safari hii iko mfukoni:
"Mjomba, mshipi ukikimbia nifanyeje?"

Nikaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto,
nikavifungua vidole kimoja kimoja
mpaka kiganja kikawa wazi.
"Hivi."
Akatikisa kichwa kama aliyeelewa.

Nikahesabu tena, kwa ajili ya kuhesabu tu.
Mia mbili thelathini na tisa.
Tukapekua ndoo, tukapekua mchanga,
Ausi akavua viatu.
Ya mwisho niliikuta
imening'inia kwenye mkono wa shati langu.
Ilikuwa imeshika.