Vidato Kumi na Vitatu

Nyumba ya akina Iestyn ina vidato kumi na vitatu
kutoka sebuleni hadi kitandani.
Nilivihesabu Jumatatu ya kwanza, mkoba begani,
mvua ya Blaenau ikinichuruzika shingoni,
mvua ya Welisi, isiyojua kuanza wala kuisha,
juu ya mapaa ya mawe meusi.

Miaka kumi na mitano. Mkimbiaji wa milimani.
Viatu vyake viko mlangoni bado,
tope la mwaka juzi limekauka kwenye soli
na Eirlys, mama yake, hataki liguswe.

Uviko ulimshika siku nne tu.
Homa, kikohozi, supu ya viazi, akapona.
Wakadhani kapona.
Mgeni aliaga mlangoni, akarudi kwa dirisha la jikoni,
akaketi kifuani mwa kijana, hana haraka.

Daktari wa kwanza alisema: ni umri.
Wa pili: ni shule, anaikwepa.
Mwalimu wa michezo: mtoeni nje, jasho ndilo dawa.
Wakamtoa. Akakimbia hadi lango la machimbo.
Siku kumi na moja hakuweza kushika kijiko.

Nami sina uso wa kuwacheka.
Miaka ishirini kazi yangu ilikuwa neno moja: ongeza.
Ongeza hatua, ongeza uzito, kaza, vumilia.
Niliwaambia wazee waliovunjika nyonga,
niliwaambia wacheza raga wakinitukana kwa Kiwelisi,
na karibu wote walirudi kunishukuru.
Sasa nimekaa sakafuni kando ya kitanda
najifunza kutamka: acha.
Acha kabla hujachoka.
Neno dogo, na ulimi wangu mzito kama wa mlevi.

Nikaomba jikoni kikombe cha mchele.
Hii ndiyo nguvu yako ya leo, nikamwambia.
Kuoga, punje hizi. Kuongea na Macsen kwa simu, hizi.
Kukasirika, hizi. Naam, hata hasira inakula.
Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema,
ila hawakusema kibaba kilichotoboka hujazwa vipi.
Akautazama mchele, akanitazama mimi.
"Na kucheka?"
Sikuwa na jibu.
Nikarudisha punje chache kikombeni, bila kitabu kuniruhusu.

Wenzake wakapanda kidato, kisha kingine.
Kidato chake yeye ni cha mbao,
zulia limelika katikati.

Nilichojifunza majira yale ni hiki:
siku mbaya ni mkweli, unaijua tangu macho yanafunguka.
Siku njema ndiyo yenye hila.
Inakunong'oneza jina lako la zamani.

Alhamisi moja ya Machi jua lilitoka, jambo la kusimuliwa.
Iestyn akaanza kupanda. Sisi chini, kimya.
Kimoja. Viwili. Vitano.
Nikaona miguu yake inazo nguvu, nikaona inazijua,
na moyo wangu wa zamani ukapiga kelele: ongeza!
Cha saba akaketi.
Hakuna aliyemwambia.
"Bado ninayo," alisema. "Ndiyo maana."

Mbwa akapanda, akajilaza miguuni pake.
Eirlys akaketi kidato cha tano, mimi cha tatu,
kama abiria tuliokosa treni na hatuna kinyongo.
Dakika nne. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.
Kisha akainuka, akamaliza sita vilivyobaki.

Kwenye faili niliandika: amepumzika.
Fomu haikuwa na kisanduku cha ushindi wa namna hiyo;
nikauandika pembeni, kwa penseli.

Wiki iliyofuata alizidiwa tena.
Siku mbili. Si kumi na moja.
Nilipofika mvua ilikuwa imerudi kazini mwake,
viatu viko palepale mlangoni,
kimoja kina tope,
kimoja kimepanguswa.