Kinyota

Kila Novemba jimbo hunitumia jedwali,
nami Verlene, karani, mpokea simu, mfunga magoti yaliyochubuka,
nalijaza kwa kalamu ya risasi kwanza,
maana mwaka juzi nilimsahau mtoto mmoja
na asilimia zikagoma kutimia mia.

Wilaya ya Shule ya Orlin, magharibi ya Nebraska:
wanafunzi themanini na wanne,
chekechea hadi darasa la kumi na mbili, chini ya paa moja
linalovuja upande wa maktaba.
Walimu tisa na nusu.
Nusu ni Bwana Lindqvist: mchana fizikia,
alfajiri na alasiri usukani wa basi la njano,
maili sabini na moja za changarawe,
na theluji ikizidi hushuka na koleo.

Hisabati, darasa la nne: wangapi wamefaulu?
Darasa la nne ni watoto saba.
Mwaka jana Tobin Haskell aliamka na jino,
shavu limeumuka kama unga wenye hamira,
akazungushia C swali la kwanza hadi la mwisho
apate kulaza kichwa.
Gazeti likaandika: Orlin yaporomoka kwa asilimia kumi na nne.
Yaporomoka!
Gego moja, waungwana.
Liling'olewa Jumanne.

Kisha jedwali lataka kujua sisi ni akina nani.
Rangi. Lugha. Nani anakula bure, nani analipa nusu.
Na kundi likiwa chini ya watu kumi, sheria yasema
usiandike namba, weka kinyota,
mtoto asije akatambulika.

Asitambulike? Hapa,
ambapo nikisikia injini barabarani
najua ni nani, na anadaiwa na nani?

Kinyota hiki ni Delphine Pourier, Mlakota wetu wa pekee,
asomaye huku anatembea
mpaka ukuta umpige hodi.
Hiki ni Marisela na Wilmer Xicay.
Baba yao hukamua ng'ombe mia tisa kwa zamu ya usiku;
nyumbani Kikakchikeli, dukani Kihispania,
ofisini kwangu Kiingereza.
Marisela humsomea mama yake barua zangu,
na najua zile kali huzilainisha njiani.

Na hiki, kwenye mstari wa wasio na makazi,
ni ndugu wawili walalao garini nyuma ya ghala la mahindi.
Hao siwataji.
Nimeuteta mwaka mzima ujinga wa vinyota,
lakini hapa nakichora taratibu,
nakikoleza,
kama mtu anayevuta pazia.

Mwezi uliopita alikuja bwana wa jimbo
kutushawishi tuungane na Harlow, maili thelathini na nane.
Alisimama chini ya goli la mpira wa kikapu na grafu yake,
mstari unashuka kama mtu anayepapasa ngazi gizani.
Gharama kwa kila kichwa, alisema.
Mzee Arvid Tollefson akauliza, vichwa vya ng'ombe au vya watu?
Tulicheka. Yeye pia alicheka, bwana wa watu,
kisha akageuza ukurasa.
Sikulala vizuri usiku ule. Namba zake hazikuwa za uongo.

Leo jioni Delphine anasubiri basi, ameegemea meza yangu.
"Mimi niko wapi hapo?"
Namwonyesha.
Anainama hadi pua yake inakaribia karatasi,
anahesabu ncha kwa ukucha.
"Tano," anasema.
Mimi siku zote nilijua ni sita.
Navua miwani, naifuta kwa pindo la sweta, naivaa tena.
Nje honi inalia, Lindqvist hana subira na barafu.
Delphine anachukua kitabu, anaondoka anasoma,
na mlangoni anageuka:
"Hesabu tena."