Karatasi Mbele ya Mdomo

Jumapili, Ansan, ghorofa ya pili juu ya duka la simu kuukuu.
Tumeketi kumi na mmoja, vidole vingali vinanuka kiwanda,
na Bi Maeng Ok-bun, aliyepanga barua posta
miaka thelathini na minne,
anatufundisha dunia.

Hana ramani. Ana bahasha.
Anainua moja, stempu imefifia: nchi gani?
Miguk, tunajibu. Nchi nzuri,
ndivyo zisemavyo herufi zake za kale.
Munkhzul anauliza nani aliyeipa uzuri huo.
Ni sauti tu, mwanangu, anasema Bi Maeng,
walisikia sauti wakaokota herufi iliyokuwa karibu.

Ujerumani ni Dogil. Australia ni Hoju.
Hoju! Nimelirudia mara saba
na sijaona Australia ilikoingilia.
Nyingine hubeba guk mgongoni kama mtoto,
Jungguk, Yeongguk, Taeguk,
nyingine hutembea mikono mitupu,
na Purangsu huishia kwa irabu ile
inayokaribisha meno na kutandaza midomo,
kama mtu aliyekanyaga maji baridi gizani.
Ulimi hauna mfupa, hunena wanaonena.
Wangu unao. Nimeuhisi.

Kisha zikaja zetu wenyewe.
Sreyneang: Kambodia. Vizuri.
Khuyên: Betunam. Vizuri, vizuri.
Zamu yangu nikatabasamu, maana langu halikubadilika,
silabi mbili, Nepal,
nimelijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Bi Maeng akatikisa kichwa.
Akachana kipande cha karatasi laini
akakining'iniza mbele ya mdomo wangu.
Tena.
Nepal. Karatasi ikatulia kama ng'ombe aliyeshiba.
Pumzi kwenye p, akasema, puliza,
kama unazima mshumaa.
Nepal. Nepal. Nikawaza,
mama akinisikia atauliza ni mgonjwa gani huyo anayeita.
Mara ya tisa karatasi ikaruka.
Darasa likapiga makofi.
Sikujua nimeshinda nini.

Nyuma yangu Klara Ligai, umri sitini na moja.
Uso wake na wa mwalimu, ungeapa wamenyonya titi moja.
Akasoma: Ujubekisutan. Silabi sita, bila kosa.
Halafu akauliza, na Wondong je?
Maana bibi yake alisema hivyo, tumetoka Wondong,
kwa treni, mwezi mzima, katika mabehewa ya mifugo,
na mtoto mmoja alishushwa njiani
asipandishwe tena.

Neno ni la Kikorea. Bi Maeng alilielewa:
mashariki ya mbali.
Lakini mbali na wapi?
Aliingiza mkono sandukuni, akapekua, akapekua,
akatoa bahasha isiyo na stempu,
akaishika muda, akairudisha.
Kwenye fomu, akasema taratibu, nafasi ni moja.
Klara akaandika Ujubekisutan.
Ana mwandiko mzuri kuliko sisi sote.

Jumatano, kabla ya zamu ya usiku, nikapeleka kifurushi posta:
sweta ya mwanangu, dawa ya goti la baba.
Nchi gani? kijana akauliza, macho kwenye kompyuta.
Nepal, nikasema, na pumzi yake yote.
Akabonyeza. Hakuuliza mara ya pili.

Nikatoka na risiti.
Njiani, pasipokuwa na mtu,
nyuma ya gari la kuuza samaki lililofungwa,
nikalisema la nyumbani,
polepole, bila kuzima mshumaa wowote,
kiganja mbele ya mdomo
kuhakikisha
hakuna kilichotikisika.