Ufunguo wa Gwenda

Ubao wa matangazo wa Harrowick
umesimama kati ya sanduku la posta na ukuta wa kanisa,
una kipaa kama cha banda la kuku,
kioo mbele, na kufuli.
Miaka thelathini na mmoja ufunguo ulikuwa mmoja,
na mwenye nao Gwenda Allsop.

Kila Ijumaa saa tatu, na buti zake za mpira,
alikuja na pini mdomoni kama fundi cherehani,
akabandua wiki iliyokwisha, akabandika ijayo:
mnada wa nguo kuukuu, njoo na kikapu chako;
wapiga kengele wanatafutwa, mgongo uwe mzima;
paka wa akina Pickersgill kapotea,
rangi ya chungwa, akiitwa haitiki.
Lisilokuwa ubaoni, kwetu halikuwa.
Hata mazishi yalisubiri pini.

Mwezi wa Oktoba Gwenda akaanguka jikoni.
Mazishi yake hayakubandikwa:
hakuna aliyejua ufunguo uliko.
Tuliambiana mlango kwa mlango,
na bado wawili hawakusikia,
wakaja kesho yake na maua, makaburini peke yao.

Basi tukaingia baridini na Oktoba nyuma ya kioo.
Fataki za Novemba zikalia: Oktoba.
Krismasi, theluji nyepesi, bata wanateleza bwawani: Oktoba.
Karatasi ya katikati, kwa mwandiko ule ulioinama
kama mtu anayetembea dhidi ya upepo:

*Karamu ya mavuno. Jumamosi hii, saa kumi na mbili jioni.
Ukumbini. Kila mtu na chakula chake, na kijiko.*

Tarehe hakuandika.
Hakuamini kama yupo mtu duniani
asiyejua ni Jumamosi gani.

Halmashauri ikakutana mara tatu juu ya kioo kile.
Desmond Tapsell akatumwa na nyundo.
Alisimama. Alisoma.
Akarudi nayo, akasema baridi imemkaza mkono.

Kisha Februari, mvua ya ubavu,
kijito kimepanda hadi kwenye ua wa shule,
wageni wa nyumba ya kona, akina Bhattal,
ambao hakuna aliyewaambia kitu,
waliuamini ubao.
Niliwaona kutoka dirisha la baa:
baba, mama, mtoto ameshika vijiko vitatu kama shada la maua,
na sufuria ya dengu inafuka
mbele ya ukumbi uliofungwa, uliozimwa taa.

Nani angetoka kuwaambia?
Maureen wa baa alitazama bilauri, Desmond akatazama dari.
Halafu Desmond akavaa kofia. Akasema,
"Nina vitunguu darini."
Tukatawanyika kama tumeitiwa moto.

Shamba la Februari ni kabati.
Tulivuna makopo ya mapichi,
jemu ya plamu ya mwaka juzi,
pai iliyolala kwenye friza tangu kabla ya mjukuu kuzaliwa,
viazi vyenye macho yaliyoanza kuona.
Kasisi Hilary alikuja na supu, na viatu visivyolingana.
Paa lilivuja penye kuvuja; tuliweka ndoo, tukasogeza meza.
Dengu ziliisha kwanza.
Wazee wetu hawana methali hiyo, lakini ilikuwa kweli:
mgeni alikuja, mwenyeji akapona.
Bibi Bhattal akauliza, huku akipangusa sufuria,
"Kila mwaka mnafanya Februari?"
"Kila mwaka," alisema Desmond, bila kupepesa.

Mimi ndiye niliyekwenda stoo kutafuta majani ya chai.
Nyuma ya birika kubwa, ndani ya mkebe wa biskuti,
chini ya pini mia na zaidi,
nikauona.

Ni mdogo kuliko nilivyodhani.
Niko nao mfukoni, unapiga kelele na chenji.
Ijumaa nitafungua, nibandike mambo ya Machi,
maana hata wapiga kengele bado hawajapatikana.

Hii ni Ijumaa ya nne nasema hivyo.