Msoma Mita Alisifu Giza

Kazi yangu ni kusoma mita za umeme,
Ngara, Pangani, mpaka Barabara ya Juja,
na mbwa wote wa huko wananijua kwa harufu.
Naandika mwanga uliokwisha kutumika,
mwanga unaodaiwa.
Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za giza.

Ila Jumatano jioni navua koti la kampuni,
napanda ngazi hadi orofa ya tatu, juu ya duka la vioo,
ambako watu kumi na wawili (mvua ikinyesha, saba)
tunakalia viti vya plastiki mbele ya shuka jeupe.
Shuka lina kiraka, chini, upande wa kushoto.
Juu ya kiraka kile nimeona theluji ikianguka,
jeshi likivuka mto, bibi harusi akivua viatu,
na hakijaharibu hata kimoja.

Wiki hii ilikuwa zamu ya Zipora Kerubo.
Mwanamke, Kayole, stima imepotea.
Anabandika sufuria ya chai.
Basi.
Dakika saba kamera haikupepesa.
Oduol, nyuma yangu, akaguna: "Picha imekwama?"
Haikukwama. Maji yalikuwa yanatafuta kuchemka,
na mwali wa jiko la mafuta ukapanda taratibu,
kidevu, shavu,
ukafika jichoni ukakuta chozi limeshatangulia.
Oduol hakuguna tena.

Nikapiga hesabu, ni mazoea ya kazi:
jiko moja, njiti mbili za kiberiti.
Haifiki hata nusu ya uniti.
Kwa mwanga huo Kerubo alinionyesha chumba kizima,
na mtu asiyekuwemo:
kikombe cha pili, kimefunikwa kwa kisahani.

Wapo wanaomwaga taa kama tajiri anayeoza binti wa pekee.
Nao nawapenda, sikatai.
Kuna aliyepanga watu mia nne uwanjani
wakageuza shingo kwa pamoja,
nami nikageuza yangu, nikamwagia jirani njugu.
Lakini anayejua kubania mwanga,
anayejua ni kona ipi ya uso iachwe bila kulipiwa,
huyo namvulia kofia, na koti, na buti za kazi.

Ugonjwa huu niliupata utotoni,
kwa Bwana Ramniklal, mwendesha mashine wa sinema ya mtaani kwetu.
Alikuwa na wembe, chupa ya gundi, na kikohozi.
Mkanda ukikatika aliunga akihema puani,
huku ukumbi mzima ukimpigia miluzi.
"Ukikata," aliniambia, "kata mtu anapotaka kusema,
usingoje amalize."
Mpaka leo ndivyo ninavyoaga watu.
Mke wangu hajazoea.

Sinema ile sasa ni kanisa.
Tulikwenda mwezi wa tano kumwombea shangazi Wambeti.
Mchungaji akasema tufumbe macho.
Nikafumba moja.
Nikageuka: kule nyuma, juu ukutani,
kitundu kile cha mraba bado kipo,
kimezibwa kwa kipande cha mbao, misumari minne.
Watu wote walielekea madhabahuni.
Mimi, Mungu anisamehe, nilielekea
kule mwanga ulikokuwa ukitokea.

Alhamisi asubuhi, Barabara ya Juja, nyumba ya kijani,
mama mmoja akanifungulia, sufuria mkononi.
Jua lilikuwa limepenya kwenye tundu la bati,
sarafu moja tu ya jua, begani kwake.
Alipotikisika, ikamshuka mpaka kiganjani.
"Unangoja nini? Mita iko huko nje."
Sikungoja kitu. Nilikuwa sijataka kukata.
Nikaandika nambari bila kuitazama,
na jioni ofisini wakaniambia nimekosea tarakimu ya mwisho.
Itabidi nirudi.