Valvu ya Kumi na Saba

Saa mbili asubuhi, uchochoro wa Langoni,
nimebeba kompyuta kibao kama sinia la arusi
nayo inaniambia nimesimama baharini.
Kidoto cha buluu kimeruka kuta, kikapita gati,
kinaelea mita arobaini kutoka nchi kavu.
Shebwana akachungulia kioo,
akatazama makubadhi yake:
"Mbona basi sijaroa?"

Kuta huku zimesogeleana mno.
Mawe ya matumbawe, chokaa, na juu yake wikio,
mbingu ikabaki upana wa mkanda;
satelaiti hazina pa kupenyeza jicho.
Tukarudi kwenye futi kamba.
Kutoka pembe ya msikiti, mita kumi na moja na nusu.
Kutoka daka la Bi Khuleta, tatu,
ukimtoa punda aliyelala katikati ya hesabu.

Fomu inauliza: Aina. Kipenyo. Mwaka. Hali.
Yeye anajibu asichoulizwa.
"Hapa nilichimba mwaka ule wa mvua za kupindukia,
mimi na marehemu Fumo, mwenye mikono kama koleo.
Bomba ni chuma hadi pale penye jiwe jeupe,
toka hapo plastiki,
na kiungo tulikifunga kwa mpira wa baiskeli
tukasema kesho tutarudi."
Kesho hiyo ina miaka ishirini na miwili.
Nikaandika: Hali, wastani.

Bi Khuleta akatoka na fagio.
"Mwapima nini? Nyumba yangu yauzwa?"
La, mama, ni mfereji tu.
"Mfereji huu naufagia kila siku ya Mngu,
hauna haja ya kutafutwa mbinguni."
Nikamwonyesha mshale wa maji kwenye ramani,
mwembamba, safi, umeelekea kaskazini.
Hakuugusa.
Alimwaga ndoo ya maji ya kufulia
na sote watatu tukasimama kuyatazama
yakisita, yakijizungusha,
kisha yakishika njia ya kusini
yamebeba povu na ganda la kitunguu.
"Mai hayajasoma ramani yako," akasema.
Nikaugeuza mshale.

Visima thelathini na vinne. Mifereji sijui mingapi,
maana mmoja huingia chini ya nyumba
ukatoka na jina jingine.
Taa za barabarani: hamsini na tisa, zinazowaka kumi na nane.
Ofisini wakashangilia rangi.
Mhandisi akakuza, akapunguza, akakuza tena;
mji wote ukawa unaingia na kutoka
kama kifua cha mtu aliyelala.

Safu ya mwisho ya fomu ni Maoni,
herufi mia, haiongezi hata moja.
Humo ndimo nilimokuwa nikimbana Shebwana,
nikimkata mikono, nikimkata Fumo,
nikiacha penye kujaa.

Mwezi wa saba alistaafu, akahamia Witu kwa bintiye.
Alinikabidhi ufunguo wa valvu, mrefu kama bakora,
hakusema neno, na mimi sikusema.

Mwezi wa kumi, saa tisa usiku, simu:
Mkomani bomba limepasuka,
maji yameingia chuoni, misahafu imepandishwa madirishani.
Nikakimbia na ramani mkononi, kioo kikinimulika kidevu.
Kumi na tano, hapana. Kumi na sita, hapana.
Kumi na saba. Nikaibonyeza. Ikafunguka:

*Ipo chini ya kizingiti cha cherehani. Huzunguka kinyume. Polepole, mara saba. Usimame ikilia kama pa*

Hapo mia ikatimia.

Nikapiga goti ndani ya maji.
Moja. Mbili. Chuma kilikuwa baridi, kigumu kukubali.
Kama paka? Kama panya? Kama pazia likiraruka?
Tano. Sita.
Ya saba ililia, na haikulia kama chochote nikijuacho,
na maji yakanyamaza uchochoro mzima.

Kulipokucha nikampigia.
Ulisema inalia kama nini?
Nikasikia kikombe kikiwekwa chini, Witu,
na jogoo, na kicheko kinachojizuia.
"Kwani hukuandika?"