Siku Kumi na Nne za Januari

Bwana Semkiwa wa utumishi ana kikokotoo cha jua,
anakielekeza dirishani kama mtu anayeota moto,
anabonyeza: tano, mara saba.
"Siku thelathini na tano, mama Nasoro.
Ongeza notisi, ongeza likizo yako. Saini hapa."

Tano?
Nimeingia kiwanda hiki cha kamba
mwaka niliomwachisha Nasoro ziwa.
Sasa Nasoro anavaa viatu vya baba yake.

"Kumi na moja," namwambia.
"Najua. Lakini sita ya kwanza ilikuwa ya muda.
Mkataba wa muda hufa wenyewe siku yake ikifika.
Hauachi urithi."

Basi nihesabu nami.
Kila tarehe thelathini na moja Desemba nilikufa.
Kila tarehe kumi na tano Januari nilifufuka,
namba ileile ya kitambulisho,
mashine ileile ya kusokota, yenye kikohozi kama changu.
Katikati hapo, kwenye karatasi, sikuwepo.
Lakini katani haijui kusoma.
Msimamizi Kibaja alimtuma kijana mpaka Mabawa:
"Mwambie Mwanamvua aje, mashine zisafishwe,"
nami nikaenda, nikalipwa mkononi, bila saini,
noti zinanuka grisi.

Siku niliyopewa mkataba wa kudumu
nilinunua kilo nzima ya nyama, na soda za watoto.
Bi Siyawezi alipiga vigelegele, mtaa mzima ukatoka nje.
Hakuna aliyeniambia
kwamba mlango ule, nikishaupita, utafungwa nyuma yangu
na miaka sita itabaki uani,
imesimama, haina viatu.

"Una ushahidi?" anauliza, si kwa ubaya.
Ana mkopo naye. Jina lake limo kwenye orodha ya pili,
hata mpika chai anajua.

Naweka mkono wa kushoto juu ya meza.
Vidole vinne.
Anatazama kando, kama wanavyotazama wote.

"Si huo," nasema. "Huo hauna mhuri."

Nafungua kopo la maziwa ya unga,
natoa barua ya Kibaja kwenda hospitali ya Bombo,
wino umegeuka zambarau, mikunjo inataka kukatika:
*Tafadhali mhudumieni mfanyakazi wetu.
Ameumia akiwa kazini.*
Tarehe tisa Januari.

Anasoma. Anageuza nyuma, hakuna kitu. Anasoma tena.
Tisa Januari, Bwana Semkiwa,
siku ambayo mimi nilikuwa marehemu.
Tangu lini maiti ikaliwa kidole na mashine?

Wingu limepita, kikokotoo kimezimika.
Anatafuta penseli.
Kumi mara saba, namsaidia, maana sheria inakomea kumi;
ule wa kumi na moja nimeutoa sadaka.
Haandiki jibu.
Anaandika tarehe ya barua,
anaipigia mstari, halafu mstari mwingine juu ya ule,
mpaka karatasi inatoboka.
"Lazima niulize juu. Njoo Jumatano."

Namwachia nakala. Yenyewe inarudi koponi.

Langoni mlinzi ananyoosha kiganja,
kaagizwa akusanye vitambulisho vya wote waliopunguzwa.
Bado, namwambia.
Jumatano nina kazi humu.